Malalamiko: intaneti ya nyumbani inayokufa kila saa tatu usiku

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KASI YA INTANETI KUSHUKA KILA USIKU NA TAARIFA ZANGU KUFUNGWA BILA KUSHUGHULIKIWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani, kifurushi cha hadi megabiti 20 kwa sekunde, na sijawahi kuchelewesha malipo hata mwezi mmoja. Nimeshawapigia simu mara tatu. Leo naandika kwa sababu kila simu iliishia kwenye ujumbe uleule kwamba tatizo langu limetatuliwa, na halijatatuliwa.

Nianze na usiku wa Jumamosi iliyopita. Mama yangu amekuja kukaa nami, naye anapenda mno filamu za upelelezi. Nilimwahidi Drishyam, ile ya Kimalayalam ya mwaka 2013 aliyoiongoza Jeethu Joseph, Mohanlal akicheza kama Georgekutty, baba wa familia. Ni filamu kutoka Kerala, jimbo la kusini mwa India, ambayo imerudiwa kwa Kihindi, Kitamil, Kitelugu, Kikannada, Kisinhala na hata Kichina, na nilitaka mama aione ya asili. Kimalayalam hatukijui, na maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha ni ya Kiingereza, ambacho mama hakisomi. Kwa hiyo tunakaa kochi moja: mimi nasoma na kumwambia kwa Kiswahili, yeye anatazama nyuso. Tumezoea hivyo, na huwa tunafurahi sana.

Tulianza saa moja na nusu. Filamu hii ina zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu ya kwanza inakwenda taratibu kwa makusudi, mambo ya familia tu na ubahili wa baba. Picha ilikuwa safi. Kisha ikagonga saa tatu, wakati ule ule uchunguzi wa polisi unapopamba moto, na intaneti yenu ikaanza kuishiwa pumzi.

Naelewa kinachotokea. Programu ya kutazamia ikiona data haifiki kwa wakati, hushusha ubora wa picha kwanza ili isisimame. Maandishi ya tafsiri yalibaki yanasomeka kwa sababu huja peke yake na ni mepesi, lakini nyuso zikawa viraka viraka. Filamu ya ngumi na magari ningeivumilia hivyo. Kisa hiki kimejengwa juu ya vitu vidogo: tiketi za basi, risiti ya hoteli, safari ya tarehe 2 Agosti, na mtu anayehojiwa huku jibu lote likiwa machoni mwake. Mama akaniuliza, "Ameogopa, au amekasirika?" Sikuwa na la kumwambia. Pale palipokuwa na macho palikuwa na madoa mawili ya kahawia.

Kisha kikaja kile kiduara. Kilizunguka mara kumi na nne kati ya saa tatu na saa nne na nusu, nilihesabu. Kurefu kuliko kote kulikuja polisi walipomgeukia binti mdogo wa nyumba ile. Mama alikuwa ameukamata mkono wangu kwa nguvu. Dakika moja, mbili, nne, sita. Nikahisi vidole vyake vinalegea kimoja kimoja. Picha iliporudi ilikwenda kidogo tu ikasimama tena, na mama akasema, "Mwanangu, zima tu, nikalale." Akaenda kulala bila kujua mwisho wa ile familia.

Hilo ndilo lililonikera, na ndilo lililonifanya nianze kupima. Nilipima usiku mfululizo kwa wiki nzima, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, simu zote za nyumba zikiwa zimezimwa waifai, ili asije mtu akaniambia ukuta ni mnene au ruta iko mbali. Saa kumi na moja alfajiri napata megabiti 19. Saa tatu usiku napata 1.2, na siku moja ilishuka hadi 0.8. Picha ya ubora wa juu inahitaji kama megabiti 5 hivi. Waya wangu ungekuwa mbovu, ungekuwa mbovu na alfajiri pia. Ruta yangu ingekuwa imechoka, isingepona kila watu wanapolala. Kasi inayoanguka saa ambayo kila nyumba imewasha intaneti, na kurudi watu wakishalala, inaonyesha kwamba njia tunayochangia wateja wa eneo letu imezidiwa. Mmeunganisha nyumba nyingi kuliko uwezo wake, na mnaendelea kuunganisha.

Mhudumu wenu wa kwanza aliniambia nizime ruta na kuiwasha. Nilifanya. Wa pili aliniambia vivyo hivyo. Wa tatu, ambaye nakiri alikuwa na adabu na alinisikiliza hadi mwisho, alinisomea mkataba: umeandikwa "hadi megabiti 20", kwa hiyo hata 1 imo ndani ya hadi. Nalikataa jibu hilo. Neno hadi mlipoliandika kwenye tangazo, mlijua mteja atasoma ishirini, ndiyo maana namba ikawekwa kwa herufi kubwa. Ankara yenu nayo haisemi hadi. Inakuja kamili.

Tangu hapo nyumba yangu inaishi kwa kukwepa intaneti yenu. Naweka kengele saa kumi alfajiri niamke kupakua filamu ya kutazama jioni. Filamu ndefu kama hii, kwa ubora mzuri, ni karibu gigabaiti 6. Kwa kasi yenu ya alfajiri inamalizika kwa muda usiofika saa moja, ila kwa kasi yenu ya saa tatu usiku ingechukua zaidi ya saa kumi na moja. Nikiwa na kikao cha kazi jioni, namwomba mama asimpigie dada yangu simu ya video. Mtu mzima anaombwa asiongee na mwanawe kwa sababu ya huduma niliyokwisha kuilipia.

Georgekutty katika filamu ile anajipatia riziki kwa kuwaunganishia watu nyaya za televisheni, kazi iliyo ndugu na yenu. Ana ofisi yake ndogo na anashinda humo hata usiku. Waya wa mteja ukikatika, mteja anajua mlango wa kugonga. Mimi nina namba ya simu inayonirudisha kwenye kuzima na kuwasha.

Naomba mfungue upya taarifa zangu tatu, mlete fundi apime kati ya saa mbili na saa tano usiku, kwani akija mchana atakuta kila kitu kizima na kuandika hivyo. Naomba ankara ya miezi hii miwili ipunguzwe kulingana na kasi niliyoipata. Na kama njia ya eneo letu haitapanuliwa, nielezwe kwa maandishi, niruhusiwe kuvunja mkataba bila faini. Vipimo vyangu vyote, pamoja na tarehe na saa, nimeviambatisha.

Mama yuko hapa hadi mwisho wa mwezi. Mwisho wa filamu ile nilimpakulia alfajiri ya Jumatatu, akautazama akiwa amesimama. Sasa anaiulizia Drishyam ya pili, iliyotoka Februari 2021 moja kwa moja mtandaoni bila kupitia kumbi za sinema. Nimemwambia tusubiri fundi. Jumanne na Alhamisi nipo nyumbani kuanzia saa mbili usiku.

Wenu,
Mteja wa kifurushi cha nyumbani