Risala ya Walezi na Walimu wa Chekechea kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kufungua Chumba cha Kuchezea, Kisauni, Mombasa

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima kutoka idara ya elimu ya kaunti, Mwalimu Mkuu, wazee wa mtaa, wazazi wenzetu, na nyinyi watoto mliokaa mkekani hapo mbele mkisukumana: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo.

Mheshimiwa, karibu Kisauni. Chumba utakachokifungua leo, mwaka jana kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika miguu. Tulikisafisha wenyewe, tukapaka chokaa, tukatandika mikeka. Ukiingia usitafute vitu vya dukani. Utakuta vifuu, visoda, magari ya waya, tuktuk za pakiti za maziwa, wanasesere walioshonwa kwa leso kuukuu, na beseni kubwa la mchanga. Mchanga hatukuununua. Mtu wa Mombasa akinunua mchanga wa kuchezea, ana lake jambo.

Beseni hilo ndilo tunaloulizwa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko London, daktari Margaret Lowenfeld aliwawekea watoto trei ya mchanga na vijisanamu, akawaacha wajenge dunia zao humo. Aliona kwamba mtoto mdogo ana mengi moyoni ambayo ulimi wake hauyawezi, lakini mikono yake inayaweza. Sisi tuliliamini hilo kwa sababu ya mtoto mmoja.

Mtoto huyo, jina tunalisitiri, alikuwa akiuma wenzake. Si kila siku, ni Jumatatu. Tulimkemea, tukamtenga, tukamwita bibi yake mara tatu. Zilipita wiki kadhaa kabla ya mwalimu mmoja kuuliza Jumapili kuna nini. Kumbe Jumapili ndiyo siku ambayo mamake, aliyekwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, hupiga simu. Kwenye mchanga mtoto alikuwa na mchezo mmoja tu: anamfukia mwanasesere, anahesabu hadi kumi, anamfukua, anampangusa uso. Kisha anaanza tena. Mwalimu hakumuuliza huyo ni nani. Alikaa naye chini, akawa anasema tu, "Umemfukia. Haya, umempata." Muhula mzima. Kuuma hakukukoma ghafla, na hadi leo Jumatatu tunamtupia jicho. Lakini asubuhi moja alikuja mwenyewe akasema, "Mwalimu, nina hamu na mamangu."

Virginia Axline, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika mwaka 1947 kwamba katika kumtibu mtoto kwa njia ya mchezo, mtoto ndiye anayetangulia, mtu mzima anafuata. Kwetu walimu hilo lilikuwa gumu kuliko kupaka chokaa. Tumezoea kusahihisha, mtoto akichora tembo wa kijani, midomo inatuwasha. Na kumfuata mtoto si kumwacha aumize. Akiinua gari la waya ampige mwenzake, tunamwambia kwanza kwamba tunaona amehamaki, halafu: mwenzako hapigwi, piga mto huu.

Hisia lazima itajwe, na Kiswahili hakikutunyima maneno. Kununa si kususa. Kuona soni si kuogopa. Kijicho si hasira, ingawa vyote vyaweza kuishia kwenye ngumi. Mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, anayeweza kusema "nimesusa kwa sababu hamkuniita kwenye kibe" hana haja tena ya kumwaga uji wa mtu.

Aliyekwisha kupandwa na hasira, hata hivyo, maneno hayamwingii. Huyo tunampa mrija wa jani la mpapai na kikombe cha maji ya sabuni. Ukipuliza kwa pupa povu linapasuka. Ni lazima apulize polepole, na pumzi ndefu ya kutoka hutuliza mapigo ya moyo. Bibi zetu walitukatia mirija hiyo hiyo ili tunyamaze, wala hawakuiita tiba.

Wapo wazazi waliotuambia tunadekeza. Samaki mkunje angali mbichi, walisema. Sawa, lakini fimbo shuleni imekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na sehemu ya ubongo inayozuia hamaki huendelea kukomaa hata baada ya mtu kupita miaka 20. Kumchapa mwana wa miaka minne kwa kushindwa kujizuia ni kumdai kitu ambacho hajakabidhiwa.

Sasa maombi yetu, Mheshimiwa. Sisi si wataalamu. Kucheza na mtoto kwa makini ni jambo moja. Tiba kwa njia ya mchezo ni taaluma yenye mafunzo na usimamizi wake. Wako watoto waliofiwa, waliopigwa, waliodhulumiwa, ambao beseni letu haliwatoshi, na twaweza kuchokonoa jeraha tusilojua kulifunga. Kwa ajili yao tunaomba mshauri aliyesomea, japo aje siku mbili kwa mwezi. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti elimu ya chekechea, ndiyo maana tukakualika wewe.

Ombi la pili ni dogo, ila linatunyima usingizi. Madarasa hapa hayatoshi. Tunajua mitihani ikikaribia kuna mtu atakitazama chumba hiki, aone nafasi ya madawati ishirini. Tunaomba barua yenye muhuri, kwamba hakitageuzwa darasa la ziada. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 31 kinataja kucheza kuwa haki ya mtoto. Hakikusema baada ya mitihani.

La tatu ni turubai la kivuli hapo nje. Hilo halihitaji maelezo. Jua la Januari unalijua.

Na watoto nao wana ombi lao, tuliahidi kulifikisha. Ukishakata utepe, uvue viatu, uingie, ukae nao mkekani. Mrija wako wa mpapai umeshakatwa.

Naomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Walezi na walimu wa chekechea, Kisauni