Fremu ya akwariamu si pambo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu ushauri uliotolewa humu wiki iliyopita, pale msomaji mmoja wa Ibanda alipouliza afanye nini baada ya fremu ya juu ya akwariamu yake kukatika katikati. Aliyemjibu alimwambia asihangaike, kwa kuwa maji yanashikwa na kioo na silikoni, ile gundi laini inayounganisha vioo, na plastiki ile imewekwa tu ili kuficha kingo. Akamalizia kwa kumshauri aiunge kwa gundi ya kukauka haraka siku atakayopata nafasi. Mimi ni fundi wa vioo hapa Bukavu, kazi yangu ni madirisha, kabati za maduka na akwariamu, na naona ushauri huo ukifuatwa ipo siku maji yote yatamwagika sebuleni, na huenda kukawa na mtoto amesimama mbele ya kioo akitazama samaki.

Tuchukue akwariamu yenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50. Ikijaa inabeba lita 240, yaani kilo 240 za maji kabla hatujahesabu kioo na changarawe. Uzito huo unabebwa na meza, lakini maji hayakandamizi chini peke yake. Yanasukuma pia pembeni, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo msukumo unavyozidi. Kioo cha mbele cha akwariamu hiyo kinasukumwa mchana na usiku kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 150 hivi. Kwa kuwa kimeshikwa chini na pembeni lakini juu kiko huru, hupinda kuelekea nje, na hupinda zaidi katikati ya ukingo wa juu, mahali palepale ambapo mtengenezaji aliweka mwamba wa plastiki unaokatiza kutoka kioo cha mbele hadi cha nyuma. Zipo akwariamu zisizo na fremu kabisa, ni kweli, ila hizo hutengenezwa kwa kioo kinene zaidi. Aliyenunua yenye mwamba amenunua kioo chembamba kilichopimwa pamoja na mwamba wake, na mwamba ukikatika anabaki na nusu ya alichonunua.

Asiyeniamini achukue futi. Apime upana wa akwariamu kwa juu, kwanza kwenye ncha zote mbili, kisha katikati, maji yakiwa yamejaa. Akikuta katikati pamezidi kwa milimita kadhaa, ajue kwamba silikoni ya pembeni inavutwa kila saa, na kwamba kioo chenyewe kimebeba mzigo ambao hakikupangiwa. Kioo hakitoi onyo kama ubao unaolia kabla ya kuvunjika. Kinaweza kuvumilia wiki nyingi, halafu kikapasuka usiku kwa sababu ya mlango uliobamizwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kupunguza maji leo, kabla ya kutafuta gundi yoyote. Maji yakishuka hadi nusu ya kimo, nguvu inayosukuma kioo haishuki hadi nusu tu, inashuka hadi robo, kwa mfano wetu kama kilo 37, na samaki wanaweza kungoja humo huku mwenye nyumba akitafuta vifaa. Siku ya matengenezo yenyewe, hapo akwariamu inapaswa kuwa tupu na kavu. Samaki wahamishiwe kwenye beseni lenye maji yao wenyewe, na sponji ya kichujio ibaki ndani ya maji hayo, wala isioshwe kwa maji ya bomba, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo.

Nimeona watu wakifunga fremu iliyokatika kwa waya wa shaba. Shaba ikiingia majini ni sumu kwa samaki, na kwa konokono na kamba wa majini ndiyo mbaya zaidi. Wengine huweka kipande cha mbao, ambacho hunyonya mvuke, kikavimba na kuoza. Gundi ya kukauka haraka, ile aliyoisifu mshauri wenu, hushika plastiki kwa ugumu usiokubali kunyumbuka, ilhali mwamba unavutwa muda wote, na plastiki iliyokatika mara nyingi imekwisha kukauka kwa joto la taa au kwa jua la dirishani. Ukiiunga hapa itakatika pale.

Kinachofaa ni kioo kuunganishwa na kioo. Sishauri kukata kipande kimoja na kukibana katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, kwa sababu ncha yake ni nyembamba mno: kipande chenye unene wa milimita 6 na upana wa sentimita 10 kinashikwa na sentimita 6 za mraba tu kila upande, tena kwa mvuto wa moja kwa moja, ambao silikoni haiupendi. Ninachofanya ni kubandika kwanza vipande viwili virefu vya kioo, kila kimoja na upana wa sentimita 5, vikilala chini kidogo ya fremu kwa ndani, kimoja kikifuata urefu wa kioo cha mbele na kingine cha nyuma. Kisha mwamba mpya wa kioo unalazwa juu ya vipande hivyo, ukivipanda kwa sentimita 5 kila upande. Sasa silikoni inashika sentimita 50 za mraba badala ya 6, na nguvu ya maji inajaribu kuitelezesha badala ya kuing'oa. Urefu wa mwamba upimwe akwariamu ikiwa tupu na vioo vimerudi kunyooka, na kingo zote zipigwe msasa, maana mikono itapita hapo kila wiki.

Kuhusu silikoni yenyewe, msomaji asome maandishi kwenye bomba kabla ya kulipa. Mabomba ya silikoni ya bafuni, ambayo kwa Kifaransa yameandikwa kwamba yanazuia ukungu, yamewekewa dawa inayodhuru samaki, hata kama rangi na bei ni sawa na nyingine. Anayotaka ni silikoni tupu ya vioo, ile inayonuka kama siki inapokauka, na tarehe yake isiwe imepita, kwa kuwa iliyozeeka dukani inaweza isikauke kamwe. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Mahali pote pa kubandika pakwanguliwe kwa wembe mpaka kioo kibaki kitupu, pafutwe kwa asetoni na kitambaa safi, na pasiguswe tena kwa vidole. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo ngozi ya juu inaweza kuonekana ngumu huku ndani bado ni laini. Mimi humwambia mteja angoje wiki nzima, na katika miezi ya kiangazi, hewa inapokuwa kavu, simwachi aharakishe hata akinung'unika. Harufu ya siki ikiwa bado ipo, maji yasiingie.

Kisha ajaze robo, angoje, ajaze nusu, angoje hadi kesho yake, akiwa ametandika karatasi kavu ya gazeti kuzunguka sehemu ya chini, kwani tone moja huonekana juu yake mara moja. (Matoleo ya zamani ya gazeti lenu yanafaa sana kwa kazi hiyo, Bwana Mhariri, nasema bila dharau.) Ikifika kimo chake cha kawaida, apime tena upana wa katikati.

Fremu ya chini ina kazi nyingine. Hiyo huinua kioo cha sakafuni kisiguse meza, na uzito wote hupitia kingo nne. Ufa mdogo hapo si hatari kama mwamba uliokatika juu, ilimradi meza iwe sawa kabisa, na katika mji wetu wa vilima, ambapo sakafu nyingi zimeinama kidogo, hilo halipatikani bila pimamaji. Vipande vya kusawazisha viwekwe chini ya miguu ya meza, si chini ya akwariamu. Sponji nene wanayoitandika wenye akwariamu zisizo na fremu isiwekwe hapa, maana itasukuma kioo cha chini kutoka katikati.

Tunaishi pia katika nchi inayotikisika. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba hapa Bukavu, na madogo hayajaacha kupita tangu hapo. Kila baada ya mtikisiko, mwenye akwariamu akague pembe za fremu na mwamba wake, na siku zote aache sentimita kadhaa kati ya maji na ukingo, ili maji yakiyumba yasiusukume.

Ninakataa kazi moja tu. Kioo chenyewe kikiwa na ufa unaoanzia ukingoni, au kikiwa kimebanduka pembeni pale fremu ilipokatikia, mwamba mpya hautakisaidia. Kioo hicho kitolewe chote na kingine kikatwe, na fundi anayeahidi kuuziba ufa huo kwa silikoni asipewe hata malipo ya awali.

Fundi wa vioo,
Kadutu, Bukavu