Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Kilwa, katika Siku ya Mazingira Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Kilwa,
Ndugu Afisa Misitu wa Wilaya,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Kamati ya Maliasili,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakukaribisha shuleni kwetu na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Tarehe 5 Juni huku Kusini si siku rahisi kuwapata wazazi. Ufuta unakatwa, magunia yanakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kusubiri mnada, na wengi waliokaa hapa mbele wametokea shambani. Kwa hiyo risala yetu haitawachosha, wala haikuja kumsema mkulima. Hizi sare tulizovaa zimenunuliwa kwa ufuta.

Tunalotaka kulileta kwako ni hili: pori likifyekwa na kuchomwa moto, kila mtu anahesabu ekari zilizopatikana, lakini hakuna anayehesabu mimea iliyokuwa pale.

Mkulima anayo sababu ya kuchoma. Majivu yanaipa ardhi madini bila mbolea ya dukani, na shamba jipya halina magugu mengi, hivyo palizi inakuwa nyepesi. Baada ya misimu michache rutuba inashuka, magugu na ugonjwa wa mnyauko vinaingia, naye anahamia pori jingine. Wazee wanatuambia kwamba zamani shamba lililoachwa lilipumzishwa hadi likawa pori tena. Siku hizi ufuta una soko na watu wameongezeka, kwa hiyo moto unarudi kabla pori halijarudi.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuanze na ming'oko. Wewe umeshapita stendi za Lindi na Mtwara, umeiona ikiuzwa imechemshwa, na huenda umeinunua. Ni viazi vya porini, vinavyotambaa kwenye vichaka na chini ya miti. Mama zetu huichimba, wakaila na watoto na kuuza inayobaki, na mwaka wa njaa ndiyo inayoziba pengo la unga. Kichaka kikifyekwa, ming'oko inapoteza mti wa kupandia, kivuli na udongo wake laini kwa mara moja. Mbungo nao ni hivyo hivyo: ni mmea wa kutambaa, mti ukianguka nao umeanguka, na mabungo hatuyaoni tena. Hasara hii haimo katika taarifa yoyote ya mavuno, labda kwa sababu anayeipata ni mama mwenye kikapu, asiye na stakabadhi ya ghala kama ya mkulima wa ufuta.

Uyoga una habari yake. Uyoga mwingi tunaookota masika katika misitu ya miombo unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti. Nyuzi zake zinaupatia mti maji na madini, nao mti unaulisha uyoga sukari. Ukiua myombo umeua na uyoga wake, na mvua ikinyesha kwa wingi namna gani, aina hiyo haitaota katikati ya ufuta.

Kuhusu mpingo, wilaya yetu haihitaji kufundishwa thamani yake. Vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa MCDI, shirika la kuhifadhi mpingo, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009 kwa kutunza msitu wao wa asili, kabla ya kijiji kingine chochote barani Afrika. Lakini mpingo hukua taratibu mno. Anayeuona mche leo hatauvuna yeye. Moto ukipita kila kiangazi, shina changa linakufa hadi chini na kuchipua upya kutoka mzizini, mwaka baada ya mwaka, bila kupata urefu. Mkubwa nao ukiunguzwa shinani mara nyingi hutoboka ndani, na gogo lenye tundu fundi halitaki.

Katika kusoma kwetu tumekuta kwamba Wabemba wa Zambia, wenye miombo kama yetu, wana kilimo kiitwacho chitemene. Hupanda mtini, wakakata matawi, wakayakusanya na kuyachomea mahali padogo, na mti wenyewe ukabaki hai. Hatusemi tuwaige, maana nao hivi sasa wana shida ya ardhi. Lakini kuna jambo tumelielewa hapo: miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki. Mkulima akikiacha kisiki, ameliacha pori na njia ya kurudi. Siku hizi visiki vinang'olewa au kurundikiwa magogo na kuchomwa hadi mizizi, na hapo yanabaki manyasi tu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi. La kwanza, na ndilo kubwa: Serikali ya Kijiji inapomgawia mtu pori la kulima, Kamati ya Maliasili ikague kwanza na kutenga vichaka vya ming'oko na mipingo michanga, na sheria ndogo itamke hivyo. Pia afisa ugani, akishirikiana na watafiti wa kilimo wa taasisi ya TARI Naliendele, awafikie wazazi wetu kwa mbegu bora na mbinu za kupambana na magugu na mnyauko katika shamba la zamani, maana magugu na mnyauko ndivyo vinavyowahamisha. Atakayelazimika kuchoma atoe taarifa kwa mtendaji, asafishe njia ya kuzuia moto na asiwashe upepo ukiwa mkali.

La mwisho linahusu sherehe kama hii. Kila mwaka tunaletewa miche ya mitiki na mikaratusi, nasi tunaipanda kwa makofi. Tunashukuru, lakini hakuna hata mmoja kati yake uliotoka katika pori letu. Tunaomba viriba, keni za kumwagilia na ruhusa ya kuokota mbegu za mpingo, mkongo, mninga na mbungo katika msitu wa kijiji, ili kitalu cha shule kianze masika yajayo.

Tunaomba kuwasilisha.