Hadithi za Greenland zilivyorudi kwao

Mpendwa Zuhura,

Assalaam aleikum. Natumai wewe na wazazi hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na swali lako kuhusu watu wa Aktiki na masimulizi yao yaliyohifadhiwa ugenini nimelifikiria sana, kwa sababu najua una kanda za wazee wa Pemba mikononi mwako na unatafuta njia ya haki ya kuzitoa.

Naanza na Greenland. Mwaka 1858 Hinrich Rink, ofisa wa serikali ya Denmark, iliyokuwa ikiitawala Greenland, aliyekaa Nuuk, ambao leo ndio mji mkuu wa huko, aliwaomba wenyeji waandike ngano zao kwa lugha yao na kumpelekea. Mmoja wa walioitikia ni Aron wa Kangeq, mwindaji wa sili aliyekuwa akiugua kifua kikuu. Rink alimpatia karatasi na rangi, naye, akiwa amelala kitandani kwa ugonjwa, akachora mapigano ya mababu zake na Wanorse, yaani walowezi wa kale kutoka Skandinavia, na wawindaji katika mitumbwi yao ya ngozi, akaandika na visa vyenyewe. Linalonigusa zaidi ni kwamba kati ya 1859 na 1863 Rink alizichapa hadithi hizo katika juzuu nne palepale Nuuk, kwa Kigreenland na Kideni, zikiwa na picha alizozichonga Aron kwenye mbao, hata waliosimulia wakaweza kujisomea maneno yao wenyewe. Naamini wakusanyaji wengi waliokuja baadaye, wenye vyombo bora kuliko vyake, hawakufikia uungwana huo.

Michoro yenyewe ya rangi, hata hivyo, iliishia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Greenland ilipopata serikali yake ya ndani mwaka 1979, madai yalipata nguvu, na mwaka 1982 michoro ya Aron ikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kurudishwa. Kazi hiyo ya kurudisha vitu, iliyoitwa Utimut, yaani "kurudi", iliendelea hadi 2001, na vitu vipatavyo 35,000 vikahamia makumbusho ya Nuuk. Wataalamu wa pande zote mbili walikaa pamoja wakaamua kipi kirudi na kipi kibaki, ili kila upande uwe na mkusanyiko unaojitosheleza.

Upande wa Kanada mambo ni magumu zaidi. Knud Rasmussen, aliyezaliwa Greenland mwaka 1879 na kukulia katika lugha ya huko, alizungumza na Wainuit wa Kanada, ndugu wa wenyeji wa Greenland, bila mkalimani katika msafara wake wa 1921 hadi 1924, akaandika nyimbo na simulizi nyingi ajabu. Lakini vitu alivyovikusanya vilipelekwa Denmark, na vitabu vikatoka kwa lugha ambazo wazee waliomsimulia hawakuzisoma. Leo Wainuit wa Cambridge Bay, kupitia taasisi yao ya Pitquhirnikkut Ilihautiniq, wanaviunganisha vitu hivyo na picha zake kwenye ramani ya kidijitali, ili kila kimoja kijulikane kilitoka wapi. Nao Wainuvialuit, ambao ni Wainuit wa magharibi zaidi, walikwenda kwenye makumbusho ya Washington, Marekani, mwaka 2009, wazee, vijana na washonaji, kutazama nguo na zana zilizochukuliwa kwao katika miaka ya 1860. Mshonaji anayeugeuza mshono wa ngozi akautazama kwa ndani huona ufundi ambao hakuna kadi ya makumbusho iliyowahi kuuandika.

Kwa hiyo, Zuhura, usiridhike na kuziweka kanda zako kwenye intaneti tu. Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, ina vijiji na miji 25, hakuna barabara inayoiunganisha na sehemu nyingine za Kanada, na kwa miaka mingi intaneti yake imetegemea setilaiti, ya polepole na ya gharama kubwa. Hazina iliyo wazi kwa mtu wa London inaweza kuwa imefungwa kwa mjukuu wa msimulizi. Tena yapo mambo, kama ya uganga na ya hirizi, ambayo mzee alimwambia mtu mmoja bila kukusudia yasikike duniani kote, na wa kuamua hilo ni wenyewe.

Ningekushauri upeleke nakala kijijini kwanza, ukae na familia mkasikilize pamoja, na uandike marekebisho yao kwa majina yao pale wanaporidhia. Niandikie kanda ziko katika hali gani na una mashine ya kuzichezea au la, kwani hapa kuna moja ninayoweza kukutumia.

Wasalaam,
Rehema