Asante, dada wa chumba cha MRI Mtwara

Dada, jina lako sikulishika. Mimi ndiye niliyemleta mama kutoka Nanyamba, yule aliyegoma kuvua hereni akihofia zitapotea. Ulizifunga kwenye pindo la kanga yake ukanikabidhi, kisha ukakaa naye: mama, hii MRI ni mashine ya sumaku ya kupiga picha za ndani ya mwili, haina mionzi kama eksirei, itagonga kama nyundo, ndiyo maana nakuziba masikio, ukijitikisa picha zinaharibika. Ukampa na mpira wa kuminya akizidiwa. Ukarudia kumuuliza kama ana chuma mwilini au betri ya moyo, maana sumaku ile haina mzaha. Baada ya kama nusu saa akatoka anacheka (mama yangu, hospitalini!). Asante sana. Msimu wa korosho ukifika, fungu lako lipo.