Wafadhili, turuhusuni kuweka akiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo hapa Ujiji, Kigoma, kinachofundisha ushonaji mabinti walioacha shule. Daftari la hesabu nimelishika tangu 2016.

Tulianza akina mama 14, wengi wachuuzi wa dagaa pale Kibirizi, kila mmoja akitoa Sh2,000 kwa mwezi. Tukashona na sare za shule. Kufikia Desemba 2018 tulikuwa na Sh2,870,000 benki, na hakuna aliyetudai.

Mwaka uliofuata tukapata mfadhili. Moyo wake siulaumu. Vyerehani 12 tulivyonavyo ni vyake. Ila bajeti yake ilikuwa na kifungu cha mafuta, cha posho, hata cha chai. Cha akiba hakikuwamo. Bakaa ya Desemba ilirudi kwake, kwa hiyo kila Novemba tulikimbizana madukani fedha isibaki. Hundi hizo nilizisaini mimi, na hadi leo zinaniuma. Michango nayo ikafa. "Mfadhili yupo, mama, elfu mbili ya nini tena?" Akiba ya zamani tukaila kidogo kidogo, kila fedha za mradi zilipochelewa na mwenye nyumba anataka kodi yake.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wachuuzi wetu walikaa mikono mitupu lakini kituo hakikutikisika. Nikadhani tumekomaa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na fedha za mfadhili wetu zilitoka huko. Benki kulikuwa na Sh412,000. Kodi ni Sh180,000 kwa mwezi. Machi tukawarudisha nyumbani mabinti 23, vyerehani tukavifunika kwa vitenge.

Wapo wanaosema shirika lisilo la faida likibakiza fedha limekosea. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inakataza kugawana faida. Kubakiza si kugawana. Nawaomba wafadhili watenge hata asilimia tano ya kila mradi iwe akiba ya kikundi, na mkaguzi aikague kama fedha nyingine.

Nasi tumerudia elfu mbili zetu. Mwezi huu wametoa tisa. Tunataka kwanza itimie kodi ya miezi mitatu, kwa sababu ziwa likifungwa ni miezi mitatu, na hao tisa wote wanauza dagaa.

Mweka Hazina,
Ujiji, Kigoma