Mheshimiwa Waziri, nguzo ya umeme iko ng'ambo tu ya korongo

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wakitangaza bei kikomo ya mafuta, kidumu changu cha lita tano kinakuwa kimeshafungwa kwenye baiskeli. Nina ekari moja na nusu ya zabibu hapa Mpunguzi. Kiangazi pampu ya dizeli ndiyo inayovuta maji kutoka kisima cha korongoni. Mwanangu hukaa pembeni akisikiliza injini. Ikianza kukohoa anajua dizeli imeisha, na mistari ya mwisho haijapata maji.

Sikuandikii kulalamikia bei ya mwezi huu. Mizabibu niliyopanda juzi, Mungu akipenda, miaka ishirini ijayo itakuwa bado inazaa. Itanyweshwa kwa nini?

Najua waliotangaza kwamba mafuta ya dunia yanaisha wameshaumbuka. Mmarekani M. King Hubbert alitabiri mwaka 1956 kwamba uzalishaji wa nchi yake ungefika kilele karibu na 1970. Ukafika kweli, ukashuka. Kisha wenzake wakajua kupasua miamba, na mwaka 2018 wakaivuka rekodi ile. Lakini mafuta ya kwenye miamba yana gharama, na visima vyake huchoka upesi. Ndivyo lilivyo korongo letu mwezi wa Oktoba: maji yapo, ila kila wiki unachimba tena, na wachimbaji hawafanyi kazi ya bure.

Kijiweni huniambia nisihofu, bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linapita hadi mkoani kwetu. Nikawapigia hesabu. Mafuta ya Uganda yanayokadiriwa kuvunika ni mapipa bilioni 1.4 hivi. Dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku. Siku kumi na nne, Mheshimiwa! Tena ni ghafi, yanakwenda melini. Kidumu changu hakimo.

Wazee hapa hawajasahau miaka ile ya uhaba wa mafuta, magari yalipozuiwa barabarani Jumapili mchana. Na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi mmoja wa Juni. Ilitusaidia, sikatai. Ila fedha ile iliungua pamoja na dizeli, haikuacha hata nguzo moja.

Umeme tunao. Bwawa la Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115, na tangu 2024 treni ya umeme ya SGR inafika Dodoma bila tone la dizeli. Mimi nilipoomba laini ya njia tatu, umeme wenye nguvu ya kuendesha mota ya pampu, niliambiwa huu wa kijijini ni wa nyumba, shamba lisubiri. Lisubiri hadi lini, hakuna aliyesema.

Naomba tarehe, Mheshimiwa. Itangazwe hadharani, kijiji kwa kijiji, kama inavyotangazwa bei kikomo: umeme wa njia tatu utafika lini kwenye visima vya umwagiliaji. Hata ikiwa ni miaka mitano, nitajua kama ninunue injini nyingine au niibane hii ya zamani kwa waya.

Mkulima wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma